Urithi Vyuoni Usiishie Kwenye Ngoma

Jina la Galula limeandikwa katika majarida ya kisayansi yanayosomwa na wasomi wa mabara mengi. Kata hiyo ya Wilaya ya Songwe, iliyo katika bonde la Mto Songwe unaotiririka kuelekea Ziwa Rukwa, ndiyo iliyotoa jina la matabaka ya mawe mekundu ya mchanga yajulikanayo kwa wanajiolojia kama Matabaka ya Galula. Ndani ya matabaka hayo yamechimbuliwa mabaki ya viumbe wa zama za dinosaria. Mwaka 2010 ilitangazwa habari ya Pakasuchus kapilimai, mamba mdogo, ukubwa wake kama wa paka wa nyumbani, mwenye meno yanayofanana na ya wanyama wanyonyeshao. Jina lake linatokana na neno la Kiswahili, paka, na jina la marehemu Saidi Kapilima, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2014 akatangazwa Rukwatitan, mwaka 2017 Shingopana songwensis, na mwaka 2019 Mnyamawamtuka moyowamkia, jina ambalo mtoto wa Kitanzania anaweza kulifasiri bila kufungua kamusi.

Hiyo ni heshima kubwa kwa Galula na kwa lugha ya Taifa. Lakini heshima hiyo inazaa swali ambalo haliwezi kukwepwa. Mawe ya Galula yana wasomi wanaoyachunguza, makumbusho yanayoyahifadhi na vitabu vinavyoyaeleza. Je, watu wa Galula wanao wasomi wao? Ni chuo gani nchini ambacho mwanafunzi wake anaweza kusimama mbele ya wenzake na kueleza, kwa ushahidi alioukusanya mwenyewe, jinsi wazee wa bonde hilo walivyogawana ardhi, walivyopatanisha wagomvi, walivyozipa majina nyota na majira ya mvua, au walivyopokea misheni ya Wakatoliki iliyojengwa pale enzi za Wajerumani? Atakayeitafuta kazi ya namna hiyo katika maktaba za vyuo atatoka na mengi juu ya mifupa na machache juu ya wenye nchi.

Jambo hili linahusu vyuo vyote, kwa sababu katika miaka ya karibuni imekuwa desturi kwa vyuo vingi kutenga siku ya utamaduni. Siku hiyo wanafunzi huvaa lubega, kaniki na shanga, hupika vyakula vya kwao, hupiga ngoma, hupigwa picha, na jioni mavazi hurudishwa yalikokodishwa. Mgeni rasmi husifu, vijana hushangilia, na kesho yake masomo huendelea kana kwamba hapakutokea kitu. Haifai kuwalaumu vijana hao, kwani kiu waliyo nayo ni ya haki. Linalofaa kuulizwa ni kama sherehe ya namna hiyo inaikata kiu hiyo.

Mfano kutoka nje unaweza kusaidia kulipima jambo hili. Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Oktoba, vyuo vingi vya Marekani huadhimisha mwezi wa urithi wa Walatino, yaani wananchi wa nchi hiyo wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini. Tarehe hizo hazikuchaguliwa ovyo. Tarehe 15 Septemba 1821 ndipo Guatemala, El Salvador, Honduras, Nikaragua na Kosta Rika zilipojitangazia uhuru kutoka kwa Hispania. Meksiko huadhimisha uhuru wake tarehe 16 Septemba, na Chile tarehe 18. Sherehe hiyo ilianza kama juma moja mwaka 1968, kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson, na mwaka 1988 ikapanuliwa kuwa mwezi mzima.

Lakini sheria hiyo haikuwaangukia watu wale kama mvua ya msimu. Mwezi Machi wa mwaka huohuo wa 1968, maelfu ya wanafunzi wa shule za sekondari za mashariki mwa Los Angeles, wengi wao wakiwa na asili ya Meksiko, walitoka madarasani kwa pamoja. Hawakudai siku ya kucheza ngoma. Walidai historia ya wazazi wao iwemo katika vitabu, walimu waijue jamii waliyokuwa wakiifundisha, na lugha ya nyumbani isiwe sababu ya mtoto kuadhibiwa. Mwaka uliofuata wanafunzi na walimu wa vyuo walikutana Santa Barbara, California, wakatunga mpango wa kuanzisha idara za masomo ya jamii yao katika vyuo vikuu. Huko San Francisco, mgomo mrefu wa wanafunzi wa makabila mbalimbali ulizaa kitivo kizima cha masomo ya namna hiyo mwaka 1969. Kwa maneno mengine, waliotoa madai hayo walitaka masomo kwanza. Pale ambapo vyuo viliyaacha masomo na kubakiza vyakula na muziki, Walatino wenyewe wamekuwa wa kwanza kulalamika kwamba urithi wao umegeuzwa kuwa karamu.

Mfano huo una funzo kwa Tanzania, ila hauwezi kuvaliwa kama shati la kuazima. Marekani wapo wengi waliotawala na wapo wachache waliosahauliwa, na sherehe ya urithi ni njia ya wachache hao kutaka watambuliwe na wengi. Hali ya Tanzania ni nyingine. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliorodhesha lugha zipatazo 150. Miongoni mwa makabila yanayozisema, hakuna hata moja lililo na nusu ya wananchi. Wote ni wachache. Hatari iliyopo, basi, si kwamba kabila kubwa litameza madogo. Hatari ni kwamba wote watasahau kwa pamoja, kila mmoja akidhani kwamba mwenzake anakumbuka.

Historia ya nchi hii inaeleza jinsi hali hiyo ilivyotokea. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza Bungeni akiwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba na twist ilhali hawakuwahi hata kusikia habari za gombe sugu au lele mama. Kwake yeye, taifa lisilo na utamaduni wake lilikuwa ni mkusanyiko wa watu tu. Mwaka uliofuata utawala wa machifu ulifutwa kisheria. Shule zilipotaifishwa kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, mlango wa kila shule ya sekondari ulifunguliwa kwa kijana wa kabila lolote na dini yoyote. Kijana wa Mbozi alisoma Tabora, wa Mara akasoma Songea, na Jeshi la Kujenga Taifa likawalaza katika bweni moja. Kiswahili kikawaunganisha wote.

Matunda ya siasa hiyo yanaonekana hadi leo, na nchi nyingi za Afrika zinayatamani. Mtumishi wa serikali aliyezaliwa Kagera anaweza kupangiwa kazi Tunduma na asiulizwe kabila lake kabla ya kupangishwa nyumba. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayependa kuyachezea matunda hayo. Lakini ni kweli pia kwamba, katika kuujenga umoja huo, urithi wa makabila ulisukumwa polepole kwenye kona moja tu, kona ya burudani. Ngoma ziliitwa kupokea wageni viwanja vya ndege na kuchangamsha mikutano. Mpiga ngoma alishangiliwa, kisha akasahauliwa mpaka ajapo mgeni mwingine. Sheria za kale, tiba, ushairi, mbinu za kilimo, majina ya miti na historia za uhamaji wa watu hazikuwa na uwanja wa ndege wa kuchezewa. Kwa hiyo zikabaki vijijini na wazee, na wazee wanaendelea kufariki.

Hata hivyo si haki kusema kwamba hakuna lililofanyika. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu mwaka 1982 viwanja vyake vimekuwa mahali pa tamasha la kila mwaka la sanaa na utamaduni. Tangu mwaka 2007 chuo hicho kinaendeshwa kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mmoja wa walimu wake alikuwa marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003. Huko pwani, mbali kabisa na nchi kavu ya Ugogo, alifundisha zeze na ilimba kwa vijana ambao wengi wao hawakujua hata salamu ya Kigogo. Muziki wa Wagogo ukawa wa Watanzania bila kuacha kuwa wa Wagogo. Jambo hilo lilikuwa zaidi ya onyesho, kwa sababu kijana aliyejifunza kwa Zawose alikaa na chombo kwa miezi na miaka mpaka vidole vyake vikakijua.

Mfano wa pili ni Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, ambacho tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikiandaa siku za utamaduni za jamii mbalimbali. Jamii inayohusika hupewa nafasi ya kujieleza yenyewe, pamoja na nyumba zake, vyakula vyake na mila zake, na wageni wa makabila mengine hualikwa kuja kutazama na kuuliza. Zipo pia kazi za Mradi wa Lugha za Tanzania wenyewe, uliochapisha misamiati na sarufi za lugha za jamii kama Runyambo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliweka msingi wa yote hayo iliposema kwamba wananchi waendelee kuzitumia na kujivunia lugha zao za asili, kwamba lugha hizo ni hazina ya kukikuza Kiswahili, na kwamba uandishi wa kamusi na sarufi zake utahimizwa. Sera, basi, ipo, na mifano ipo. Kinachokosekana ni vyuo kwa jumla kuiona kazi hiyo kuwa sehemu ya wajibu wao.

Watakuwapo watakaopinga wakisema kwamba jambo hili litaleta ukabila. Hofu yao si ya kubeza. Chama chochote cha wanafunzi wa kabila moja, kinachokutana faraghani, kinachochangishana fedha na kinachopanga nani achaguliwe katika uongozi wa chuo, ni mbegu ya ukabila na kinastahili kung'olewa. Lakini ukabila haukuwa kamwe ni kulijua kabila. Ukabila ni kulitumia kabila kupata cheo, kazi au upendeleo ambao mwingine ananyimwa. Anayelijua kabila la jirani yake, akajua kwa nini jirani huyo huamkia hivi na huzika vile, ni vigumu kudanganywa na mwanasiasa mchochezi. Anayedanganywa kwa urahisi ni yule ambaye kwake jirani ni utani na uvumi mtupu.

Kwa hiyo dawa ya hofu hiyo imo katika namna ya kuadhimisha. Siku ya urithi wa Wanyiha isiandaliwe na wanafunzi Wanyiha peke yao. Iandaliwe na kundi la wanafunzi wa makabila yote waliopewa kazi ya kuwasoma Wanyiha, na Wanyiha wawe walimu na wasahihishaji wao. Mwaka unaofuata Wanyiha nao waende kuwasoma Wamakonde. Mhaya akisimama kueleza methali za Kinyamwanga, na mzee wa Kinyamwanga akamrekebisha mbele ya watu, hapo hapana ukabila. Hapo pana shule.

Galula yenyewe inaonyesha kwa nini utaratibu huo ndio unaofaa. Bonde la Rukwa na milima inayolizunguka ni makazi ya Wabungu, Wanyamwanga, Wanyiha na Wasafwa. Katika miongo ya karibuni wameongezeka Wasukuma waliohamia na mifugo yao wakitafuta malisho. Mkoa wa Songwe, ulioundwa mwaka 2016 kutokana na Mkoa wa Mbeya, unapakana pia na Zambia na Malawi, na huko Tunduma lugha na biashara huvuka mpaka kila siku. Anayetaka kuandika juu ya urithi wa sehemu kama hiyo hawezi kuandika habari za kabila moja lililosimama peke yake kama kisiwa. Atalazimika kuandika jinsi mkulima na mfugaji walivyogombana na walivyopatana, maneno gani yameazimwa kutoka lugha ipi, na nani alimfundisha nani kulima zao lipi. Huo nao ni urithi, na kwa mtumishi wa serikali anayeletewa mashauri ya ardhi na malisho, ni urithi wenye manufaa mezani pake kesho asubuhi.

Kazi hiyo haihitaji fungu kubwa la fedha. Kila mwaka vyuo vya ualimu na vyuo vikuu hutawanya wanafunzi wao nchi nzima kwa mazoezi ya kufundisha na mafunzo kwa vitendo. Mwalimu mwanafunzi anayepangiwa shule ya mbali hukaa huko majuma kadhaa, na jioni nyingi huwa hana la kufanya. Akipewa daftari, maswali 20 yaliyoandaliwa vizuri na barua ya utambulisho kwa ofisi ya kijiji, anaweza kurudi na majina ya miti 50 pamoja na matumizi yake, hadithi tano zilizosimuliwa na wazee watatu, na historia ya kijiji tangu kilipoanza. Simu aliyo nayo mfukoni inatosha kurekodi sauti. Wanafunzi 30 wakifanya hivyo katika wilaya moja kwa miaka mitano, wilaya hiyo itakuwa na hazina ambayo haijapata kuwa nayo.

Ipo sababu nyingine inayowahusu walimu hasa. Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Somo hilo halitasimama kwa kitabu kimoja kilichochapishwa Dar es Salaam. Mtoto wa Galula anapofundishwa historia ya nchi yake, anastahili kukuta ndani yake mto anaouvuka kwenda shuleni na watu waliomzaa. Mwalimu atapata wapi habari hizo ikiwa chuo kilichomwandaa hakikumfundisha namna ya kuzitafuta?

Baada ya kazi hiyo, na iwepo sherehe. Ngoma zipigwe, vyakula viliwe, na mgeni rasmi ahutubie. Sherehe inayofuata kazi ina utamu wake, kama vile ngoma za mavuno zilivyokuwa na utamu kwa sababu watu walikuwa wamelima. Lakini siku hiyo pawepo pia meza yenye yale yaliyokusanywa: misamiati, ramani, hadithi zilizorekodiwa, na majina ya wazee waliozitoa. Wazee wenyewe walipiwe nauli, wakae viti vya mbele, wasikilizwe. Nakala moja ya kila kilichokusanywa irudishwe kijijini, katika shule na ofisi ya kijiji, ili wananchi waliotoa elimu yao wasifanywe kama machimbo ambayo mali yake huondoka bila kurudi. Wanasayansi waliochimbua mifupa ya Galula waliona vema kuipa majina ya Kiswahili na kumkumbuka mtaalamu wa Kitanzania. Vyuo vya Tanzania haviwezi kuwatendea watu wa Galula chini ya kiwango hicho.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Msomi wa leo hakatai kwao kwa kinywa. Hukataa kwa kutokuuliza. Wakuu wa vyuo, maofisa utamaduni wa wilaya na walimu wanayo nafasi ya kuanza bila kungoja waraka wa wizara. Chuo kinachopanga siku ya utamaduni mwaka huu kitenge miezi mitatu kabla yake kwa kazi ya kukusanya na kuandika, na kichague jamii moja ambayo wanafunzi wake hawaijui. Matabaka ya mawe katika bonde la Songwe yamevumilia mamilioni ya miaka, na yataweza kuwasubiri wachimbaji kwa mamilioni mengine. Mzee mwenye miaka 85 hana muda huo.